Waya Aliounga Restituta

Restituta, fundi kompyuta wa Mbinga mjini, anaogopa karibu kila kitu. Anaogopa mbwa, anaogopa radi, anaogopa hata sindano anayochomwa mtoto wa jirani. Kitu pekee asichokiogopa ni umeme. Wateja humpenda kwa hilo: anafungua mashine huku anatafuna karanga na kupiga soga. Mtu mwenye akili angeshtuka mapema kuuona uzembe huo.

Julai hii Steven, kijana wa Matiri anayeshindana gemu na watu wa mbali mtandaoni, alimletea kompyuta yake aiongezee nguvu. Restituta akapachika ramu mbili za kumbukumbu na kadi mpya ya picha, nene kama tofali. Kadi ile ilitaka umeme mwingi kuliko uliotolewa na pawasaplai ya zamani iliyokuwa ndani, kile kisanduku kinachoigawia mashine umeme. Aliliona hilo, lebo aliisoma kwa macho yake mwenyewe. Lakini pawasaplai kubwa ilibidi iagizwe Songea, na Steven alikuwa amesimama mlangoni, bodaboda inamngoja. Akaunga waya wa kuilisha kadi kutoka pawasaplai ile ile ndogo, akajisemea moyoni, itavumilia tu.

Wiki ya pili simu ikaita, saa nane mchana.

"Dada Restituta, mashine inajizima. Nikiingia kwenye gemu, dakika kumi tu, puu!"

"Umechomeka kwenye ekstensheni?"

"Hapana, ukutani moja kwa moja."

"Toa ramu moja, ujaribu."

"Nimeshatoa. Vumbi nimefuta. Ikipoa inawaka, halafu inazima tena. Na dada, inanuka plastiki iliyoungua."

"Chomoa! Steven, usiiwashe tena, chomoa!"

Simu ilikuwa imeshakatika. Alipopiga tena, hapatikani. Hakungoja, maana Steven alishamwambia mashine inakaa chumbani kwa bibi yake, pamoja na magunia ya kahawa yaliyoingizwa ndani kwa kuogopa wezi. Na bibi, kwa baridi ya msimu huu, hatoki humo mchana kutwa.

Alikodi bodaboda akiwa bado na bisibisi mkononi. Njia nzima alisali Salamu Maria, akifika katikati anasahau, anaanza upya. Kila moshi aliouona mbele kwenye ukungu aliona ni nyumba ile.

Nyumba ilikuwa imesimama. Mzee Baltazar, baba yake Steven, alikuwa anageuza kahawa kwenye kichanja.

"Shikamoo baba. Steven yuko wapi? Nina..."

"Marahaba mwanangu. Kaa kwanza."

Kwa mzee Baltazar mgeni haelezi shida yake akiwa wima. Anakaribishwa ndani, ananawa, anakula, ndipo anaulizwa. Restituta alikaa. Ni heshima, ndiyo, lakini tuseme kweli: aliona afadhali. Kueleza shida ilikuwa ni kukiri kwamba alijua. Ugali na maharage vikaja. Nyuma ya ukuta alisikia feni ya mashine ikilia kwa nguvu. Kumbe Steven ameiwasha tena! Tonge la kwanza akalimeza. La pili likamshinda.

Feni ikanyamaza ghafla. Puu. Baada ya muda ikaanza kulia tena.

Aliruka, akaingia chumbani bila hodi. Steven alikuwa na hedifoni masikioni, macho kwenye kioo. Bibi Hildegardi alikuwa amelala, blanketi mpaka shingoni. Nyuma ya mashine moshi mwembamba ulikuwa unapanda, na gunia lililoiegemea lilikuwa na doa jeusi la ukubwa wa kiganja. Restituta akang'oa plagi ukutani, akalivuta gunia, akalipigapiga kwa sweta yake. Mahali alipounga waya palikuwa pameyeyuka.

Bibi alitolewa nje akikohoa. Mzee Baltazar akasimama mlangoni.

"Kumetokea nini, mwanangu?"

Angeweza kusema umeme wa huku ni mbovu, na wote wangemwamini.

"Kosa ni langu, baba. Niliunga waya nikijua haufai."

Mzee hakupaza sauti. Alilitazama doa, akamtazama mama yake aliyeketi kibarazani, kisha akauliza, "Umewaungia wangapi namna hii?"

Swali hilo hakuwa amejiuliza.

"Wengine wawili."

"Wapigie."

Nathanieli wa Kihagara akapokea mara moja, akachomoa mashine akilalamika. Wa pili alikuwa Serafina, muuza samaki wa Mbamba Bay, aliyemnunulia mwanawe kompyuta ya gemu aicheze akitoka shule. Ilikuwa saa kumi na nusu. Shule zimeshatoka, mama mtu bado yuko sokoni, na huenda mtoto ameshaiwasha mashine akiwa peke yake.

Simu ya Serafina ikaita mpaka ikakatika. Restituta akapiga tena.