Wiki Niliyoisemea Amerika

Siku ile ilianza kwa kumnyoa Mzee Harold ndevu. Ilikuwa Jumamosi ya Januari, nje mto Mississippi umeganda, na ndani ya nyumba ya wazee ya Champlin, Minnesota, kulikuwa na joto la kuvaa mikono mifupi. Mzee Harold alikuwa amekaribia miaka tisini na alipenda kuongea huku wembe uko kooni, jambo lililonitia hofu kila mara. Maisha yake yote ya kazi alikuwa fundi wa ndege za jeshi la Amerika. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi Goma, mashariki mwa Kongo, kabla ya ukimbizi, kwa hiyo mtu akianza kufundisha, mimi hunyamaza nikamsikiliza hadi mwisho.

"Watu wanadhani nguvu yetu ni mabomu," aliniambia asubuhi hiyo. "Nguvu yetu ni mafuta. Ndege yetu inanyweshwa mafuta ikiwa angani, haina haja ya kutua. Hakuna mahali duniani palipo mbali na sisi."

Kisha akaja kwenye mashamba ya mahindi yasiyo na mwisho, vyuo vinavyovuta akili za dunia nzima, bandari, na fedha ambayo hata adui huificha chini ya godoro. Nilimwamini kwa sababu nilikuwa na ushahidi wangu. Kambini Uganda, nilikokaa miaka saba, tulikula unga na mafuta ya kupikia kutoka Amerika. Makopo ya mafuta tuliyapasua, tukayanyoosha, tukatengenezea milango, na mlango wa kibanda changu ulikuwa na bendera yao. Nchi inayowalisha watu wasiojua hata jina la rais wake, nilijiambia, ikisema simama, nani atapiga hatua nyingine? Mama yetu alizoea kusema fimbo ya mbali haiui nyoka. Mzee Harold alinishawishi kwamba fimbo hii haina mbali.

Saa moja na nusu asubuhi simu ikatetemeka mfukoni. Goma ilikuwa saa tisa na nusu alasiri, na aliyepiga alikuwa Safari, mdogo wangu, kitinda mimba wa mama, seremala, baba wa watoto watatu. Tangu waasi waanze kuukaribia mji alinipigia kila siku wakati wa mapumziko yangu, na swali lake lilikuwa moja.

"Yaya, bale ba Amerika banasema nini leo?"

Kwetu yaya ni dada mkubwa, si mlezi wa watoto. Na ndugu aliye Amerika haulizwi habari za afya tu. Anaulizwa dunia inaelekea wapi, kana kwamba rais hupita kwake kunywa chai. Mimi nilikuwa naosha wazee na kutandika vitanda, na gari lililonileta kazini kutoka nyumbani Blaine lilitembea kwa maombi zaidi ya petroli. Lakini Safari aliniita Balozi. Mwanzoni ulikuwa utani, halafu utani ukaisha, jina likabaki. Sikuwahi hata siku moja kumjibu kwamba sijui. Nilikuwa nikiwahi kazini dakika kumi ili nisimame mbele ya televisheni ya ukumbini, nipate la kumwambia.

Siku hiyo nilikuwa nalo. Mkubwa mmoja wa Amerika alikuwa amesema mbele ya mataifa kwamba waasi wasimame mara moja na warudi walikotoka. Nilimwona kwa macho yangu. Hakuwa na wasiwasi wowote.

Safari alinieleza kwamba amepata nafasi kwenye boti ya kesho asubuhi kwenda Bukavu, yeye, mke wake Zawadi na watoto. Mizigo ilikuwa imeshafungwa.

"Twende ao tubakie?" akauliza.

"Mubakie," nikamwambia. "Amerika imesema. Habawezi kuingia mu mji nyuma ya ile neno. Mutapakia batoto mu boti yenye kujaa vile, izame bure? Mubakie ku nyumba."

"Uko na hakika, Yaya?"

"Niko na hakika."

Alishusha pumzi, nikaisikia. "Merci, Balozi," akasema. Nikarudi kumpaka Mzee Harold mafuta kidevuni, nikijiona mtu mkubwa. Ninaandika hivyo kwa aibu, lakini ndivyo nilivyojiona. Hofu ya boti ilikuwepo, ni kweli, na kwa miaka kadhaa niliitumia kujitetea. Hata hivyo, hofu ya boti peke yake isingenipa sauti ile ya uhakika.

Jumapili boti iliondoka bila wao na ikafika Bukavu salama. Hilo nilikuja kulijua baadaye. Siku yenyewe nilikuwa kanisani, na wakati wa shukrani nilisimama nikawaambia Wakongo wenzangu wasiogope, Amerika imeshasema. Watu walipiga makofi.

Jumatatu, kabla ya saa moja asubuhi, nilikuwa bado ndani ya gari kwenye maegesho ya kazini. Simu ikalia.

"Yaya. Banaingia."

Nyuma ya sauti yake kulikuwa na mlio kama wa watu wanaopasua mbao, mbao nyingi, bila kupumzika. Nilimwuliza wako wapi. Alisema wamelala chini kwenye korido, watoto katikati, magodoro yameegemezwa dirishani.

Nilimwambia wasitoke. Alisema hawatoki.

Kisha ukaja mlio mzito. Simu ikawa kimya kabisa. Halafu mtoto akaanza kulia.

"Safari?"

"Niko."

"Zawadi?"

"Iko. Batoto pia bako."

Nje, mwanamke alikuwa akipiga ukelele na kuita jina la mtoto. Safari alisema ni jirani yao, Mama Rehema. Nyumba yake imepigwa.

"Usitoke," nikamwambia.

"Yaya, Mama Rehema iko hapa tu ku mlango yake."

Nilisikia simu ikiwekwa sakafuni.

Nilisikia mlango.

Nilisikia Zawadi akimwita, mara moja tu.

Mlio wa pili.

Simu ikakatika.

Aliyenikuta alikuwa Nyambura, muuguzi Mkenya wa zamu yetu. Mlango wa gari ulikuwa wazi katika baridi ile na mimi sina glavu.

"Wewe, uta-freeze hapa," alisema. "Nipe hizo keys. Hakuna vile uta-drive leo, nitakupeleka mwenyewe."

"Wanauawa," nikamwambia.

"Akina nani?"

Alivuta mikono yangu akaibana kwapani ndani ya koti lake, kama anavyofanyiwa mtoto, na tukasimama hivyo mpaka nikaanza kuhisi vidole vinauma.

Siku nne mtandao wa Goma ulikuwa umekatwa. Nilienda kazini kwa sababu nyumbani hapakukalika. Ujinga wangu siwezi kuueleza vizuri: siku ya pili na ya tatu bado nilisimama mbele ya televisheni nikingoja ndege zile zinazonyweshwa angani. Mkubwa yule alitokea tena na kusema maneno yale yale. Kisha ikafuata hali ya hewa, kisha mchezo wa magongo kwenye barafu. Nilipigwa na butwaa. Si kwamba waasi waliingia. Waasi ndiyo kazi yao. Kilichonishangaza ni kwamba neno la nchi kubwa kuliko zote lilikuwa limekanyagwa hadharani, na hakuna mtu Minnesota nzima aliyeacha kunywa kahawa yake.

Ijumaa Zawadi alipiga kwa simu ya kuazima. Safari alifia mlangoni kwa Mama Rehema. Goma imejengwa juu ya mawe ya volkeno, kaburi huchimbwa kwa mtaimbo, na wanaume waliobaki walichimba nyuma ya karakana yake mpaka kufika kiunoni, wakachoka. Wakamlaza humo, wakamfunika kwa mbao alizokuwa ametengea kabati la mteja. Zawadi alinieleza haya yote bila kulia. Mimi nililia kwa niaba yetu wawili.

Jumamosi niliingia tena kwa Mzee Harold na wembe. Niliusimamisha wembe kabla haujagusa shavu, akanishika kifundo cha mkono na kuniuliza nina nini. Nikamweleza. Aligeuka akatazama dirishani.

"Nilikuambia tunaweza kufika popote," alisema. "Sikukuambia tutakuja."

Hakusema kwa ukatili. Alisema kama fundi anayeeleza mashine. Nilitoka chumbani, mwenzangu akaja kumalizia kumnyoa, na kwa mwaka mzima nilimkasirikia mzee yule. Nilimwonea. Yeye alifundisha somo lake sawasawa. Mwanafunzi ndiye aliyeongeza ya kwake.

Miaka imepita. Zawadi na watoto walifika Uganda, wako kambini, na tunaongea kila Jumapili nikitoka kanisani. Katika mazungumzo hayo yote hakuwahi kutaja boti, nami nilijua kwa nini: Safari hakumwambia kwamba aliniuliza. Nilifikiri alimeza lawama ili anifichie dada yake, akamwambia mkewe kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyeamua kubaki. Ulimi huponza kichwa, tunasema, lakini wangu ulikuwa umeponza cha mwenzangu, na mwenzangu akakaa kimya nao. Na kila Jumapili Zawadi alimaliza kwa kuniombea baraka. Baraka zile zilikuwa zikiniunguza.

Jumapili moja, nikiwa ndani ya gari nje ya kanisa, nilimwambia. Nilimwambia kwamba mumewe aliniuliza, na mimi ndiye niliyesema wabaki, na kwamba nilisema nina hakika ilhali sikuwa na hakika ya kitu chochote ila televisheni.



"Yaya, nilikuwa najua," akasema. "Kila siku alikuwa anaweka simu ku haut-parleur, sauti yote inje, pale katikati ya parcelle, mu kiwanja yetu. Bapangaji bote balikuwa banakuja kusikiliza Balozi."

"Wote?"

"Bote. Mama Rehema alikuwa na nafasi mu boti ile ile yetu. Vile ulisema mubakie, alienda kufungua bagage yake. Na ba jirani ya nyuma. Na mwalimu na muke wake. Tulifurahi sana siku ile, Yaya. Tulipika."

Miaka yote nilikuwa nikimlilia mtu mmoja, nikidhani ndiye peke yake aliyenisikiliza. Neno la Amerika halikumsimamisha askari hata mmoja. Langu, lililosemwa na mtandika vitanda akiwa mapumzikoni, liliwasimamisha watu wa kiwanja kizima waliokuwa wamekwisha kufunga mizigo.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungelala namna gani?"

Nilimwomba anitajie waliokufa. Alikataa. Nilimwomba tena, nikamwambia sitasema neno mpaka atakapomaliza. Alianza na Rehema, aliyekuwa na miaka minne.