Ng'ombe wa Baba Waliosimama Bondeni

Kwetu mtu akisema anachunga, hakuna anayeuliza anachunga nini. Kwa hiyo nilipopewa kuongoza mradi wa kuhifadhi mito ya Tarime na Serengeti pamoja na samaki wake, shangazi zangu walicheka mpaka wakashika mbavu. Binti wa Kikurya, amesoma hadi chuo kikuu, anachunga samaki! Samaki ni wa Wajaluo wa kule ziwani, walisema, tena wao wenyewe hawawachungi, wanawala. Mimi nilicheka nao. Siku hizi sicheki sana.

Samaki wenyewe ni ningu. Mvua za kwanza zikianza, hupanda kutoka Mto Mara kuja kutaga kwenye vijito vya huku juu, ambako maji ni ya baridi na yanakimbia. Kiangazi kikifika, wale waliochelewa kushuka hujibana kwenye vidimbwi vinavyopokea maji ya chemchemi. Maji yakibaki baridi, wanaishi hadi mvua nyingine. Yakipata joto, hewa hupungua ndani yake na ningu hufa. Kazi yangu yote, ukiondoa semina na safari, ilikuwa kuhakikisha chemchemi hazikauki.

Katika vijiji vya Nyambureti na Busawe nilifanya kazi vizuri, na sababu yake naijua: sikuwa na ndugu kule. Nilisimama mbele ya watu nikaeleza sheria inayokataza kilimo ndani ya mita sitini kutoka ukingo wa mto, nikaeleza jinsi mkaratusi unavyokunywa maji mchana na usiku, watu wakabishana, wakanitania, mwisho tukaelewana. Walinibana kwa maswali mpaka koo likakauka, lakini hakuna hata mmoja aliyeniuliza baba yangu ni nani.

Kijijini kwetu, juu huko kwenye vilima vya Tarime kwenye baridi na migomba, hawakuwa na haja ya kuuliza. Baba yangu ndiye aliyekuwa na shamba la mikaratusi kubwa kuliko yote, na lilikuwa limekaa kabisa juu ya chemchemi.

Lazima niieleze miti hiyo, maana kuiita miti tu ni kumwonea baba. Dada zangu wawili waliolewa, na ng'ombe wa mahari wakaingia zizini kama desturi inavyotaka. Mimi sikuolewa. Nilisoma, nikaajiriwa, nikaendelea kusoma, na kila mwaka baba alipoulizwa na wazee wenzake ng'ombe wangu wako wapi, aliwaonyesha bondeni. "Wale pale wamesimama," alikuwa akisema. "Hawali majani, hawataki dawa ya kupe, na mwizi hawezi kuwavusha mpaka." Wazee walikuwa wanacheka. Nilipokuwa sekondari alikuwa anauza mirunda, zile nguzo za kujengea, kwa mafundi wa mjini, na mirunda hiyo ndiyo iliyonisomesha. Niliishika miche ile kwa mikono yangu siku inapandwa. Mama alichimba mashimo, mimi nikaweka, baba akafukia kwa mguu.

Kabla ya hapo palikuwa na mikuyu. Siikumbuki vizuri. Nakumbuka kivuli tu, na kwamba maji yalikuwa yanauma meno.

Mkutano wa kijiji tulifanyia kwenye uwanja wa shule. Nilieleza kama nilivyoeleza kwingine, ila kwa Kikurya, na nilieleza vizuri kuliko siku zote kwa sababu nilikuwa naogopa. Watu walisikiliza. Baba alikuwa amekaa mbele kwenye kiti alichobebewa kutoka nyumbani, mikono juu ya fimbo. Nilipomaliza, alisimama jirani yetu wa bonde la pili, mwenye miti karibu mingi kama ya baba.

"Mwenyekiti, tumemsikia binti yetu, na amesema ukweli," alisema. "Sisi wote wenye miti pale chini tuko tayari kukata. Ila wahenga walisema mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Aanze kwa baba yake. Akimaliza pale, asubuhi yake na mimi nawasha msumeno."

Watu walipiga makofi. Mwenyekiti wa kijiji aliuliza ni nani wanaounga mkono, na wenye miti wote wakanyoosha mikono, wengine mikono miwili. Nilimtazama baba. Hakunyoosha wala hakukataa. Alikuwa anatazama chini penye ncha ya fimbo yake.

Wiki iliyofuata nilikwenda nyumbani na vibarua wa mradi. Niliwaacha barabarani nikaingia uani peke yangu.

"Tata, shikamoo," nilimsalimu baba.

"Marahaba. Umekuja kama nani?"

"Nimekuja kama mwanao."

"Mwanangu hahitaji kuja na watu wenye misumeno."

Nilipiga magoti. Nilimwambia kwamba bila miti yake kukatwa, hakuna atakayekata, na chemchemi itakufa, na kidimbwi chini yake, na ningu wote wa kijito kile. Nilimwambia nitamletea miche ya matunda, parachichi za kisasa zinazouzwa nje. Nilisema mengi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama parachichi hufaa kujengea nyumba. Kisha akasimama, akaingia ndani, akatoka na shoka lake la siku zote.

"Miti yangu haianzwi na kibarua," alisema. "Anza wewe."

Nilianza mimi. Sijui kukata mti na shoka lilikuwa zito. Nilipiga pale pale mara nyingi bila mpangilio, na magome yakaniruka usoni. Vibarua walikuwa wamesimama bila kujua watazame wapi. Baba alisubiri mpaka ule wa kwanza ulipoanguka, ndipo akapanda kurudi nyumbani taratibu bila kugeuka. Misumeno iliunguruma hadi jioni. Mama alituletea uji bondeni, akawapa vibarua, akanipa na mimi. Nilikuwa nalia na sikujificha.

Kuanzia siku ile baba hakunisemesha. Shikamoo aliitikia, maana shikamoo haikataliwi, kisha aligeuza shingo kwenye redio. Kama alikuwa na la kusema alilipitisha kwa mama nami nikiwa nimekaa palepale. "Mwambie mgeni wako chai ipo." Mama alinigeukia akaniambia chai ipo, na mimi nikamwambia asante, na mama akageuka akamwambia amesema asante. Mwanzoni ilikuwa karibu ichekeshe.

Ningevumilia hayo kama wengine wangekata. Hawakukata. Yule wa bonde la pili alisema mtoto wake anaingia kidato cha kwanza, nimsubirie kidogo. Mwingine alisema miti si yake, ni ya kaka yake aliye Mwanza. Miti ya baba ilipoondoka, mirunda ikawa adimu na bei ikapanda, na kila aliyebakiwa na miti akaona ni upumbavu kuikata wakati ule. Nilimfuata mwenyekiti nikiwa na sheria mkononi. Alinikaribisha soda. Aliniambia uchaguzi uko karibu, tuwaelimishe watu, tusiwalazimishe. Nilimuuliza mbona baba yangu alilazimishwa. Alinitazama kwa mshangao wa kweli, akasema, "Yule si ulimlazimisha wewe?"

Kiangazi kile chemchemi ilishuka hadi ikabaki tope linalong'aa. Nilikuwa nashuka kidimbwini na kipima joto changu, na kila nilipokichomoa nilitamani kiwe kimeharibika. Adhuhuri moja niliwakuta ningu wamepanda juu, midomo nje ya maji, wanafungua na kufunga. Fundichuma, yule ndege wa mtoni, alikuwa amesimama ukingoni ameshiba kabisa, hata hahangaiki. Kinamama walikuwa wameingia na mabeseni wanaokota. Mmoja wao, niliyesoma naye msingi, alininyooshea samaki wawili waliolegea.

"Chukua, mama samaki. Si ni watoto wako hawa?"

Alikuwa ananitania tu, hakuwa na ubaya. Niliwapokea kwa sababu kukataa chakula ni dharau, nikawapeleka kwa mama akawakaanga. Sikuweza kula. Kwenye ripoti niliandika kwamba utekelezaji unaendelea.

Mvua zilipita, kiangazi kingine kikaja. Baba aliugua miguu, ikawa inavimba, akaacha kwenda kilabuni kunywa pombe na wenzake isipokuwa apelekwe. Siku moja nikiwa ofisini mjini Tarime mama alinipigia simu.

"Baba yako anataka umpeleke bondeni."

"Mimi? Amesema mimi?"

"Amekutaja. Anataka akaone maji."

"Maji gani, mama?"

"Nilimwambia yamerudi," alisema. "Tangu mwezi uliopita. Ulitaka mfe hamsemeshani? Nilipomwambia yamerudi alifurahi. Amewaambia wazee wote kilabuni kwamba miti yake imerudisha maji. Sasa anataka kuyaona."

Nilikwenda. Njiani nilijipanga kumwambia kabla hatujashuka, na nilipofika nikamkuta amevaa koti la kanisani, amekaa nje ananisubiri, akasema, "Umechelewa, binti yangu." Ilikuwa imepita miaka miwili sijaitwa hivyo. Nilimeza yale niliyojipanga kuyasema. Ni woga, sina jina lingine la kuuita.

Bodaboda alitushusha hadi njia ilipokomea, baba katikati, mimi nyuma nimemkumbatia asianguke. Kutoka pale tulitembea, yeye na fimbo, mimi na kiroba changu chenye panga. Panga nilikuwa nimelibeba kwa sababu visiki vya baba vilikuwa vimechipua. Mkaratusi ndivyo ulivyo: ukiukata usipokiua kisiki chake, unarudi na matawi matano mahali pa shina moja. Vibarua walikuwa wameviua vile vya juu, vya chini walivifyeka tu, na fedha za mradi zilikuwa zimekwisha. Nilipanga kufyeka machipukizi mwenyewe baba akipumzika.

Tulipofika alisimama. Mahali pa chemchemi palikuwa na udongo uliopasuka na nyayo za ng'ombe zilizokaukia humo. Ng'ambo, miti ya jirani ilikuwa imesimama, mirefu, imenawiri, inapiga kelele kwa upepo. Baba alipatazama pale chini, akaitazama ile miti, akarudia tena. Nilisubiri anitukane. Ningefurahi angenitukana.

"Mama yako ni mwongo," alisema mwishowe, kwa upole tu.

"Alitaka tusemeshane, tata."

"Najua alichotaka." Alikaa juu ya kisiki, akavuta pumzi. "Yule jirani hakukata?"

"Hakukata."

"Na yule mwingine?"

"Hakuna aliyekata. Wewe tu."

Alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayesikia bei ya kitu ambacho alikwisha kujua hawezi kukinunua. Kisha akaniuliza swali ambalo hakuna mkuu wa mradi aliyewahi kuniuliza, wala mfadhili, wala mimi mwenyewe.

"Wote walikuwa na miti. Kwa nini ulianza na mimi?"

Nilimwambia kwamba kijiji ndicho kilichotaka. Akasema hapana, hajauliza kijiji. Nikamwambia basi sijui.

"Mimi najua," alisema. "Wengine wangekukatalia. Mimi sikuweza."

Nilichuchumaa mbele yake nikashika miguu yake iliyovimba. Nilimwomba msamaha kwa maji, kwa miti, kwa samaki, kwa ng'ombe wote ambao sikuwaleta. Aliniacha niseme. Mkono wake ulikuwa unapapasa ubavuni mwa kile kisiki alichokalia, ambako machipukizi yalikuwa yamefika usawa wa kiuno, mekundu kwenye ncha, laini.

"Umekuja na panga," alisema.

"Ndiyo, tata."

"La kufyeka haya."

"Ndiyo. Ndiyo kazi yangu. Yakikua tena, chemchemi haitarudi kabisa."

"Mimi sikukukatalia," alisema baba. "Na wewe usinikatalie. Yaache."

Nilitazama bonde lote lile, kila kisiki na kichaka chake. Hapo ndipo palikuwa mahali pamoja tu, katika kijiji kizima, ambapo mradi wangu ulikuwa umefanikiwa. Nililirudisha panga kwenye kiroba, nikamshika baba mkono, tukaanza kupanda.