Shemeji alibeba mtumbwi ili nisikamue mramba. Nikakamua

Wakuu, heshima zenu. Wakubwa shikamooni.

Haya yamenikuta mwenyewe, huku Kanoni, Karagwe. Chumvi sijaongeza. Asiyeamini aje, kiti kipo na kikombe kipo.

Mimi ni mkulima, migomba na kahawa kidogo. Nyumbani natengeneza mramba wa kuuza. Kwa msioujua, ni juisi ya ndizi mbivu, unazikamua kwa nyasi ndani ya mtumbwi, gogo lililochongwa, mpaka zitoe maji. Haileweshi, hata mtoto anakunywa. (Ikichacha inakuwa rubisi, pombe, hiyo waachieni wenyewe.)

Sasa huku kwetu kukamua ni kazi ya wanaume. Mwanamke anamenya, anachota maji, basi. Akigusa mtumbwi ni mwiko, eti mramba unaharibika.

Mimi nilianza baada ya mume wangu kuumia mgongo. Nikae niangalie ndizi zinaoza? Nikakamua. Haukuharibika. Watu wakanunua, wakarudi.

Ndipo jirani yangu, Mama Editha, akanipa oda kubwa ya kipaimara cha binti yake. Nikavundika ndizi za kutosha.

Siku moja kabla ya sherehe, asubuhi, akaingia shemeji, kaka mkubwa wa mume wangu, na wanaume wenzake wawili.

"Shikamoo shemeji."

Hakuitika. "Mtumbwi huu ni wa marehemu baba yetu. Mwanamke hatakamua humu tena."

Wakaubeba.

Mume wangu alikuwa amekaa mlangoni. Akaangalia chini. Wakuu, hilo liliniuma kuliko mtumbwi.

Lakini ndizi zikishaiva hazisubiri kikao cha ukoo. Nikaenda kwa Mama Editha, nikamweleza ukweli wote. Nilijua atafuta oda.

Akacheka. "Mabeseni unayo?"

Akapita nyumba kwa nyumba. Jua halijakaza, uani kwangu pamejaa akina mama, kila mmoja na beseni lake limesuguliwa likang'aa. Beseni linateleza, unakamua umepiga magoti, mikono inawaka moto. Tulikamua tu. Mramba ukatoka mzito, mtamu.

Kesho yake, baada ya ibada, tunagawa vikombe, shemeji akasimama katikati ya turubai.

"Jamani, huu mramba umekamuliwa na wanawake. Anayejiheshimu asinywe."

Wengine wakashusha vikombe.

Mimi nimesimama na jagi. Sikutoka. Nikasema, "Ni kweli. Nimekamua mimi na hawa wenzangu. Asiyetaka, maji yapo."

Mama mkwe wangu, ambaye hajawahi kunisifia hata chumvi ya mboga, akanyoosha kikombe.

"Nimiminie."

Akanywa wote. Akamgeukia mwanawe.

"Baba yako alipougua ukiwa mdogo, unafikiri nani alikuwa anakamua? Nilijificha nyuma ya nyumba, nikasema ni jirani ananisaidia. Ukaunywa, ukakua. Leo sifichi tena."

Shemeji akachukua kofia yake, akaondoka. Vikombe vikaanza kuja kwangu, tena kwa kugombania.

Mtumbwi hajaurudisha hadi leo na sijaudai. Tuna mabeseni yetu, tunakamua pamoja, oda zinatoka mpaka Songambele kule Kyerwa. Mume wangu sasa anamenya ndizi amekaa, mbele ya kila mtu. Aliniomba radhi, nikampa kisu.

Shemeji bado akiniona anabadili njia. Abadili tu, njia ziko nyingi. Mke wake juzi alikuja kwangu mchana kweupe, beseni kichwani, akapitia barabara kubwa ili wamwone.

Nilichojifunza: mwiko mwingine unalindwa na watu wanaokula matunda ya walioukiuka. Mwanamke mwenzangu, usingoje ruhusa, mali inakuozea.

Nanyi huko kwenu, kuna kazi gani mliambiwa si ya mwanamke mkaifanya? Semeni. Na wa kunitukana karibuni pia, nasoma zote.