Nyuki Waliohamishiwa Barabarani

Sisi wenyewe tulikuwa tumeshahamishwa kutoka mashambani na kupangwa mstari mmoja kando ya barabara. Mwenyekiti wa kijiji chetu, huku Kisarawe, akaona si haki nyuki wabaki nyuma.

Mizinga ya mbao ya kikundi cha mama yangu mkubwa ilikuwa imetundikwa msituni. Mgeni wa serikali alikuwa anakuja kutoka mkoani Kibaha kuamua kama kikundi kipewe fedha za kufuga nyuki na kuutunza msitu huo. Akikataa, ungefyekwa uwe shamba la mihogo la kijiji, na mle ndani mna kaburi la mume wa mama mkubwa. Mwenyekiti alisema mgeni hawezi kwenda huko na viatu vyake. Basi mizinga ikaletwa, kila nyumba mmoja, na mjumbe wa nyumba kumi akaambiwa awasimamie nyuki pia.

Kesho yake nyuki wote wamekwenda zao. Mwenyekiti akataka kujua nani kawapa ruhusa.

Mimi, msomi niliyekuja likizo kutoka Chuo Kikuu, nilipewa kuandika risala. Niliandika kwamba nyuki wetu wameitikia mwito wa kuishi pamoja. Nikamsomea mama mkubwa, nikingoja sifa.

"Hao walioitikia wako wapi, baba?"

Siku ya ugeni aliamkia msituni, akarudi na mzinga wake wa zamani, wa gogo, umejaa nyuki, akautundika kwenye mkorosho jirani na meza ya mgeni. Aliomba jambo moja tu, ngoma isipigwe. Mwenyekiti akamjibu kwamba mgeni wa serikali hapokewi kimya kama yuko msibani.

Ngoma ikapigwa. Nilikuwa nimefika kwenye "nyuki wetu, ambao ni wapole na wenye nidhamu," walipotoka. Wapiga ngoma wakatimkia kwenye mihogo. Mwenyekiti akajitupa chini ya meza, akamkuta mgeni rasmi keshatangulia. Mimi niliendelea kusoma, si kwa ushujaa; sikujua risala inakatizwaje kabla ya shukrani. Nyuki wa mdomoni ndiye aliyenielekeza.

Mimi, mama mkubwa na mwenyekiti tuliishia na mgeni ndani ya Land Rover yake, vioo vimefungwa, tunatokwa jasho. Mgeni, jicho moja limevimba, akamgeukia mama mkubwa.

"Mama, hawa siku zote wanakaa wapi?"

"Msituni, baba. Huku tumewaleta wakusalimie."

"Na msitu ukifyekwa?"

Mama mkubwa akautazama mstari wa nyumba zetu.

"Watahamia huku. Mwenyekiti keshawapangia nyumba."

Mgeni aliziidhinisha fedha mle mle garini, akaagiza msitu usiguswe hata tawi. Mwenyekiti alitaka kusema neno, lakini midomo yake ilikuwa imeumuka kama maandazi.

Jua lilipozama nyuki wakarejea gogoni. Mama mkubwa akauziba mzinga kwa matambara, akanipa ncha moja ya mti wa kuubebea, akaniambia nisisome chochote njiani.