Simu ya Boke Iko kwa Wegesa

Siku hiyo mjinga alikuwa mwandishi wa habari hii. Saa nne asubuhi anaingia kwenye uwanja wa kuanikia dagaa, Mwisenge mjini Musoma, macho kwenye simu, na kutembea juu ya dagaa wa watu.

"Baba, hiyo unayokanyaga ni ada ya shule," anasema Boke Ngolo (43) bila kuinua kichwa. Wenzake wanacheka mpaka wanaegemea reki.

Boke anageuza dagaa, jicho moja mawinguni. Simu yake anayo jirani yake, Wegesa. Ya Wegesa ameifunga yeye kwenye pindo la khanga. Uwanjani kila mtu anashikiwa simu na mwenzake; anayeitaka yake kabla ya saa saba anaiomba mbele ya wote, na kusema anampigia nani. Utaratibu huo aliuanzisha Boke.

Miaka mitatu iliyopita alifiwa na mume. Watoto wako bweni, na nyumba yake ya Nyasho ikawa kimya. Akajiunga na makundi kumi na moja ya mtandaoni. Humo watu asiowajua walimsalimu kila asubuhi na kumuuliza kama amekula.

"Nikikosa bando nilikuwa nakopaga," anasema.

Siku moja mvua ikaja, yeye kainamia simu. Aliitwa, hakusikia. Dagaa wa magunia sita wakaoza, mtaji wote.

Saa tano hivi anakuja Jenipher, mgeni wa miezi miwili uwanjani, anaomba simu yake. "Unampigia nani?" anauliza Boke.

"Hakuna mtu," anasema Jenipher.

Boke hamkemei. Anampa reki, wanageuza dagaa bega kwa bega wakiongea chinichini, hadi Jenipher anaangua kicheko na kusahau alichokuja kuomba. Mwandishi amekaa kwenye semina nyingi za uraibu wa mtandao. Hajawahi kuona kitu kama hiki.

Boke anapanga kujenga vichanja vya mbao, kila kimoja cha watu wawili, asiwepo wa kuanika peke yake.

Makongoro, mdogo wa marehemu mume wa Boke, aliyetoka Bunda kununua dagaa, amesikia yote. Anasema huo ni uvivu tu; mtu mzima gani anafichiwa simu kama mtoto?

Boke anaweka reki chini.

"Nilipofiwa, shemeji, wewe ulikuja siku mbili ukarudi Bunda. Simu ilikuwa inakujaga kila siku."