Mama Mkwe na Mota ya Kisima

Mwanamume wa kwetu, milima ya Kivu ya Kusini, akimwona mama mkwe wake njiani huacha njia. Huingia shambani, hugeuka kutazama miti, husubiri apite. Hamshiki mkono, hamsemeshi ana kwa ana, na akiwa na neno la kumwambia hutafuta mtu wa katikati wa kulifikisha. Wengine walipofika Nakivale, kambi ya wakimbizi huku Uganda, walikuwa wameiacha desturi hiyo mpakani pamoja na vyungu vyao. Mimi niliibeba yote. Nilijivunia sana adabu yangu, kwa sababu sikuwa na mambo mengine mengi ya kujivunia.

Jambo la pili lilikuwa ufundi. Niliupata Mbarara, mtaa wa Nyamityobora, kwa mzee mmoja Mwislamu aliyesuka upya nyaya za mota zilizoungua. Mzee huyo hakuamini neno la mtu: ukimwambia umezima, alikwenda kuzima tena. Alinifundisha kuchimbia fimbo ya shaba ardhini na kuiunga kwa waya na bodi ya mota, ili umeme ukivuja upite huko badala ya kupita ndani ya mtu. "Hii kitu haiulizi wewe ni nani," alisema akinielekezea bisibisi puani. "Inaua tu." Niliitikia "ndiyo, mzee," kama wanavyoitikia watu wote ambao mawazo yao yako kwenye chakula.

Baadaye wakulima wa Kashojwa, kijiji chetu hapo kambini, walinunua pampu ya mota na jenereta kuukuu ili wamwagilie vitunguu, wakaniita. Jenereta tuliiweka mbali, ndani ya kibanda. Nilivuta waya hadi kwenye nguzo iliyo kando ya kisima, nikafunga hapo swichi kubwa, kisha pampu nikaikaza kwa bolti juu ya simenti. Ilibaki fimbo ya shaba tu, nayo nilisema nitaichimbia mchana. Nilikuwa na hamu ya kuona maji, basi nikawasha. Mota ikanguruma bila kuzunguka. Nikafungua kifuniko cha kisanduku cha nyaya zake, nikatoa kipimo, nikaanza kuangalia umeme umefika wapi, swichi ikiwa imewashwa. Fundi anaweza kupima hivyo, mradi asiondoke hapo.

Niliondoka. Nilisikia kikohozi, nikainua kichwa, nikamwona mama mkwe anateremka na jerikeni. Sikufikiri hata kidogo. Niliruka kama panya aliyeona paka, nikajitosa migombani na kugeuza uso. Kulikuwa na mbuzi aliyefungwa hapo, na sisi wawili tukatulia tukitazama majani.

Halafu nikachungulia. Mama mkwe alikuwa amesimama miguu mitupu juu ya simenti iliyolowa. Alikuwa amechovya kitambaa majini na sasa anaisogelea mota, kisanduku wazi namna ile. Mwanamke yule hakuweza kuona kitu kipya chenye vumbi akakiacha. Atakufa mbele yangu, na mimi ndiye niliyemtegea! Lakini kumpigia kelele mama mkwe? Na mtu wa katikati nitamtoa wapi? Nikamgeukia mbuzi.

"Mbuzi," nikapaza sauti, "ambia mama asiguse ile masini! Iko na umeme!"

Mama mkwe naye alikuwa mtu wa adabu. Hakugeuka. "Mbuzi," akajibu, "ambia mukwe wetu, masini iko na vumbi mingi. Naipanguza kidogo tu."

"Mbuzi, ambia mama ile pahali ni ya kufa!"

"Mbuzi, ambia mukwe wetu, masini haizunguke. Imelala."

Kwake yeye, kitu kisichozunguka hakina nguvu. Mbuzi aliendelea kutafuna. Kitambaa kilikuwa kimebakiza upana wa kiganja.

"Mama, acha!" Nilitoka mbio migombani, desturi nimeiacha huko huko. Nguzo ya swichi ilikuwa nyuma yake, na njia ya kuifikia ilipita pale pale aliposimama. Nilimkumba kwa bega, nikaishusha swichi. Mngurumo ukakatika. Naye akaketi topeni, pwaa, na kitenge chake kizuri, jerikeni ikabingirika hadi kwenye vitunguu. Tulibaki tukihema, mimi nikitazama mbingu kwa sababu sikujua tena nitazame wapi.

Habari ilienea Kashojwa kabla hajafika kwake kubadili nguo. Fulani kamwangusha mama mkwe! Kwa mikono yake! Wengine waliongeza kwamba nilimkalia. Nilikasirika nikataka kupigana na kijiji kizima, lakini mke wangu aliniambia nitafute jogoo.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda kuomba msamaha, jogoo kwapani, shemeji yangu akiwa mtu wa katikati. Ukoo wao ulikuwa umejaa chumbani; niliketi karibu na mlango, uso pembeni. Shemeji alianza vizuri, akazunguka kwa baba zetu na kwa Mungu, hadi akafika kwenye kosa lenyewe: mukwe anakubali alimugusa mama.

Mama mkwe alimkatiza. Akageuza kigoda chake, akanitazama machoni, mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake miaka sita nyuma.

"Kunigusa, nimekusamehe," akaniambia, mimi mwenyewe, bila mtu katikati. "Heshima yako ni muzuri. Lakini siku ingine ukiniona nakuya, zima kwanza, kisha ukimbie."

Watu walicheka hadi jogoo akaniponyoka. Mimi nilishindwa kucheka. Machozi yalinitoka mbele ya wakwe zangu wote, kwa sababu ndipo nilipoelewa kwamba ilibaki kidogo nimzike mama wa mke wangu, na pale kaburini ningesimama nikijiona mtu wa adabu.