Nilimsingizia Mtani Wangu kwa Filta Niliyoifunga Mwenyewe

Nianze kwa kusema mwenye kosa ni mimi. Msinitafutie sababu, maana sababu ninazo nyingi na zote nimeshazitumia, hazikunisaidia. Majina ya watu nimeyabadili na langu nimelificha kabisa, kwa sababu huku Mazingara tunajuana mpaka sahani za ndani.

Mimi ni mkulima wa mahindi na machungwa. Pia nina gari dogo, kuukuu, ambalo watu hulikodi wakiwa na shughuli zao. Harusi, mgonjwa, mtu anakwenda Korogwe, ni mimi. Sasa gari likaanza kukosakosa. Ukikanyaga mafuta linasita, ukipanda kilima linakohoa. Kila aliyelipanda akaniambia hiyo ni filta ya pampu, ile inayokaa ndani ya tenki na kuchuja petroli kabla haijavutwa.

Mtu mwenye akili zake angelipeleka kwa fundi. Lakini fundi wangu wa Korogwe ana tabia moja: anafungua kitu kimoja, anakurudishia gari likiwa na matatizo mapya, ukilalamika anakwambia, "Gari limechoka, mzee." Nikasema safari hii hapana. Nikanunua filta mpya, nikakaa na simu nikatazama video za watu wanaobadilisha nyumbani kwao, tena wamevaa na glavu. Nikaona mbona kazi yenyewe ni ndogo tu.

Mke wangu akasimama mlangoni akanitazama. "Baba Zubeda, una uhakika?"

"Kuna nini hapa cha kunishinda?"

"Sijasema kitakushinda. Nimeuliza tu."

Na kusema kweli, nilifanya vizuri. Niacheni nijisifu kidogo, maana huko mbele sitapata nafasi. Nilichomoa waya wa betri, nikang'oa siti ya nyuma, nikafungua kifuniko, nikaitoa pampu nzima bila kuvunja kitu. Filta ya zamani ilikuwa nyeusi, imejaa tope. Nikaitoa, nikapachika mpya. Kisha nikachungulia ndani ya tenki nikaona uchafu umetulia chini. Nikajiambia siwezi kurudisha filta mpya kwenye uchafu. Nikachana taulo kuukuu vipande vipande, nikaingiza mkono, nikawa nafuta. Nikabadili kipande, nikafuta tena. Hapo mke wangu akaniita chakula kimeiva.

Nikaenda kula. Niliporudi nikarudisha pampu, nikafunga kila kitu, nikawasha. Gari likaunguruma vizuri mpaka majirani wakatoka kutazama. Kama umeshajua nilichokisahau, basi umenizidi akili, kwa sababu mimi sikujua. Jioni ile nilizunguka mtaa mzima nikijitangaza fundi.

Sasa niwaambie kuhusu Mama Kulwa. Huyu mama anauza petroli ya chupa kwenye kibanda chake pale barabarani. Baba yake alitoka Tabora kuja kukata mkonge Ngombezi, yeye akazaliwa kambini kule kule, akaja kuolewa huku kwetu. Yeye Mnyamwezi, mimi Mzigua, basi ni watani. Mnajua tena mambo ya watani. Yeye akiniona asubuhi ananiita mtumwa wake. Mimi namuuliza meno ya tembo aliyobebeshwa babu yake ameyaacha wapi. Ananijibu kwamba sisi Wazigua tuliuzana kwa kibaba cha mtama. Siku ikipita hajanitukana, najua anaumwa.

Ikaja harusi ya binti wa dada yangu. Kazi yangu ilikuwa kwenda Korogwe kuchukua mchele, viungo na mpishi. Asubuhi nikapita kwa Mama Kulwa, nikajaza, nikaondoka. Kwenda, gari likaenda vizuri. Kurudi, tulipoipita Segera, likazima. Nikafungua boneti nikatazama, nikafunga. Tukakaa, nikawasha, likawaka. Tukaenda kidogo, likazima tena. Mpishi akateremka akakaa chini ya kivuli na mwiko wake mkononi, anaugongagonga gotini. Alikuwa mama wa watu mpole sana, lakini ule mwiko niliusikia.

Tulifika watu wana njaa, wazee wameshaanza kutazama njia. Mjomba wangu akanipokea mbele ya kadamnasi. "Wewe si ulisema gari umelitengeneza mwenyewe?"

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema, "Ndiyo, mjomba, huenda kuna kitu nimekosea." Maneno hayo hayazidi pumzi moja. Lakini wanawake wote wa jikoni walikuwa wanasikiliza, Mama Kulwa akiwa katikati yao anamenya vitunguu. Nikamnyooshea kidole.

"Gari nimelitengeneza sawasawa. Muulizeni mtumwa wangu huyu, kanitilia petroli kaichanganya na maji ya kisima."

Watu wakacheka. Mama Kulwa naye akacheka, machozi ya vitunguu yanamtoka. "Nilikuonea huruma," akasema. "Nikajua Mzigua anakwenda mbali, asije akafa na kiu."

Ingeishia pale ningekuwa salama. Lakini gari liliendelea kuzima, leo hapa, kesho pale. Na kila liliponizimia nilikuwa na jibu tayari. Kijiweni kwa bodaboda, sokoni, dukani, nikawa naimba ule wimbo wa maji ya kisima. Watu wanacheka, nami nacheka. Ila moyoni sikuwa natania hata kidogo. Nilikuwa nimeamini kabisa kwamba mafuta yake ni mabaya, nikaona utani unanipa njia ya kulisema bila kuulizwa ushahidi.

Siku moja kijana wa bodaboda akanifuata pembeni. Kijana mwenye adabu, akanipa shikamoo yake, akaniuliza taratibu. "Mzee, tuache utani. Yale mafuta ya Mama Kulwa yana maji kweli?"

Ningeweza kumwambia sijui. Ndiyo ulikuwa ukweli, sikuwa najua. Badala yake nikainua mabega. "Mimi ni mtani wake, usiniulize mimi. Ila gari langu si unaliona."

Nikaondoka zangu. Nilijiona mjanja sana, maana sikuwa nimesema kitu.

Haikupita muda bodaboda wakawa wanakwenda kujaza Mkata. Mwanzo wachache, halafu karibu wote. Chupa za Mama Kulwa zikawa zinashinda pale juani asubuhi mpaka jioni. Nikipita bado ananiita mtumwa, lakini sauti yake imepungua. Mtu akimuuliza habari za yale maji, anacheka tu, anasema, "Achana naye, yule ni mtani wangu." Mimi nikamsifu moyoni kwamba ana roho kubwa. Sikujiuliza angesema nini kingine.

Halafu nikapata kazi ya kumpeleka bibi mmoja kwake Dindira, kule juu milimani kwenye chai. Bibi alikuwa ametoka hospitali Korogwe. Kwa vile safari ni ya kupanda, nikajaza tenki kwenye kituo kikubwa pale Korogwe, petroli ya kutoka kwenye mashine, safi. Nikamwambia bibi, "Leo hatusimami popote."

Tulisimama. Tena kwenye kona mbaya, mlima uko mbele na bonde liko nyuma. Likawaka, likazima, likawaka, likazima. Bibi akanitazama kwa huruma. "Mwanangu, kama gari limechoka mimi nitatembea, kwangu siyo mbali." Mtu katoka kitandani hospitali ananibembeleza mimi. Nilimfikisha, lakini njia nzima ya kurudi nilikuwa naongea peke yangu. Mafuta haya si ya Mama Kulwa. Mafuta haya si ya Mama Kulwa.

Kufika nyumbani sikunawa hata uso. Nikang'oa siti, nikafungua, nikavuta pampu juu. Ikaja na taulo. Kipande kizima, rangi ya waridi, kimeikumbatia ile filta mpya kimeibana. Pampu ikivuta, taulo linaziba. Gari likizima, taulo linaachia, mafuta yanapita tena. Mke wangu akachungulia kwenye bega langu. "Kumbe liko huku," akasema, akarudi ndani. Nadhani alikwenda kucheka, au alikwenda kulia, sikumfuata nikajua.

Nilikaa na aibu yangu siku kadhaa. Nilijaribu kujishawishi kwamba watu wataacha wenyewe, mambo yatapoa. Nilipoona amepanga vitumbua kwenye kile kibanda badala ya chupa, nikashindwa. Nikalichukua lile taulo, nikaenda kwake.

Nilimweleza yote, kuanzia pale nilipoitwa kula mpaka Dindira. Nilitegemea anitukane mpaka nikose pa kushika. Wallahi nilikuwa nimejiandaa, hata nilikuwa na hamu. Yeye akavuta kiti akasema, "Karibu ukae." Tangu nimjue hajawahi kunikaribisha kiti. Kwa kawaida huniambia Mzigua akae chini na kuku.

"Nikuulize," akasema. "Siku ile harusini, ulisema utani au ulisema kweli?"

Sikuwa na ujanja uliobaki. "Nilisema ninachokiamini, nikakivalisha utani."

"Ndiyo maana." Akalikunja lile taulo vizuri, akaliweka mapajani. "Ungekuja ukaniambia Mama Kulwa mafuta yako yana maji, ningekuonyesha madumu yangu, ningekumiminia mbele yako ukatazama. Lakini ulinitania mbele za watu. Ningekasirika wangesema mwanamke huyu hajui mila. Nikacheka. Nikacheka mpaka wateja wameisha. Kwangu watoto wananiuliza, mama mbona huwaambii watu ukweli, nawajibu nini?"

Nikasema nisamehe, mtani.

"Nimekusamehe, Baba Zubeda. Ila utani na wewe basi."

Alisema polepole, hana hasira. Nikaondoka nikiwa na nia ya kusafisha jina lake. Nikaenda kijiweni, nikasimama mbele ya bodaboda wote, nikawaambia jamani, kosa ni langu, niliacha taulo kwenye tenki, mafuta ya yule mama ni safi. Wakaangua kicheko. Mmoja akasema, "Mnyamwezi kamtoza faini, kaja kujisafisha." Mwingine akaniuliza taulo lenyewe lilikuwa la kuogea au la uso. Nikaapa. Wakacheka zaidi.

Nikaona labda mahali pa heshima watanisikiliza. Ijumaa baada ya swala nikaomba ruhusa niseme neno. Nilipolitaja jina la Mama Kulwa tu, safu za nyuma zikaanza kukohoakohoa. Shehe akaniinamia sikioni. "Mzee wangu, mambo ya utani tuyafanyie nje." Ninyi niambieni, mtu aliyejizoeza kutania anaanzaje kuaminiwa?

Ikabaki kufanya kwa vitendo. Kila ninapojaza, najaza kwake, mchana, watu wakiona, kisha nalipeleka gari kijiweni na kuliacha linaunguruma mpaka wachoke kulisikiliza. Bodaboda wawili watatu wamerudi. Yule kijana mwenye adabu alikuwa wa kwanza. Chupa zimerudi kibandani, chache, pamoja na vitumbua. Nikimaliza kulipa ananiambia, "Ahsante, Baba Zubeda, karibu tena." Kama mteja yeyote anayepita njia.

Nilidhani nitazoea. Nilidhani ni jambo dogo, mtu kukuheshimu.

Halafu mwezi uliopita mama yangu mzazi akafariki. Alikuwa mzee, amekula chumvi nyingi, lakini mama ni mama. Mnajua watani wanavyofanya msibani. Watalala kwenye njia msipite na jeneza mpaka mtoe chochote, watavaa nguo za marehemu, watamwigiza alivyokuwa anatembea na alivyokuwa anagomba, mpaka mwenye msiba anacheka huku analia na kifua kinafunguka. Kwetu hapa nyumba ya Wanyamwezi ni moja tu. Mama yangu alikuwa na vituko vyake, alikuwa anaichungulia chai kikombeni na kuuliza nani kaiba sukari, na Mama Kulwa alikuwa akimwigiza hata angali hai, wakacheka wote wawili.

Siku ya mazishi nilikaa kwenye mkeka macho yako mlangoni. Akaja. Amejifunga khanga mbili, amejitanda vizuri. Akaninyooshea mikono yote miwili. "Pole sana, Baba Zubeda. Mungu amlaze mahali pema." Akaenda kukaa na wanawake, akatulia. Hakuna aliyeziba njia. Tukambeba mama moja kwa moja, tukazika, tukarudi. Watu wakasema ulikuwa msiba wa heshima sana.

Wewe unayesoma, filta badilisha mwenyewe ukitaka, wala si kazi ngumu, ila kagua ulichoingiza kabla hujafunga. Gari likikuzimia, anza kujiuliza wewe. Na mtani wako mtanie kwa uongo tu. Ukiwa na neno unaloliamini juu yake, nenda kwake, mwambie, asikie, akujibu. Mimi sikumpa nafasi ya kunijibu. Siku niliyomhitaji aje anitukane mbele ya jeneza la mama yangu, alinipa pole.